Sikio la Byadunia

Walimlilia Byadunia kanisani kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, bila maiti. Mwili ulikuwa umekwisha kuzikwa ng'ambo, katika nchi ya baridi ambayo sijaiona wala sitaiona, na kilichotufikia sisi ni mdogo wake Elisha, amesimama mbele ya mabenchi akisoma maneno kutoka kwenye simu. Mimi nilikaa nje, upande wa jikoni, pamoja na kina mama waliokuwa wakimenya mihogo ya matanga. Ukuta wa kanisa letu ni wa mbao zilizoachana, kila neno linapita. Elisha alisema kaka yake alikuwa na sikio ambalo Mungu hampi kila mtu. Alisema wakubwa wa Mbarara walikuwa wakimtumia gari aje kuwatengenezea muziki majumbani mwao, na kwamba akishagusa mashine ulimsikia hata mwimbaji akimeza mate. Watu wakaitikia amina. Msichana mmoja aliyekuwa akimenya karibu nami, aliyefika kambini miaka mingi baada ya mambo haya, akaniuliza, "Mama Nabintu, weye ulimujuaka huyu papa?" Nikamwambia nilimjua. "Kweli alikuwaka na sikio vile banasema?" Nikamwambia aangalie kisu, muhogo wenye maji unateleza.

Nilikuwa mke wake. Elisha anajua, wazee wa kanisa wanajua, lakini hakuna aliyenitaja, na sikungoja kutajwa. Nilirudi nyumbani na uchungu mdomoni kama mtu aliyetafuna majani ya mubirizi, nikaona afadhali niuandike mwaka ule wa Mbarara, angalau uwepo mahali pengine zaidi ya kichwani mwangu.

Tulifika Kabazana tukiwa bado wapya katika ndoa. Katika kituo kile cha mapokezi tulilala ndani ya hema kubwa pamoja na familia nyingi, vitenge na mablanketi yametundikwa kati ya familia na familia, na uji ulipikwa katika pipa. Mlinzi alipiga filimbi ya chuma kuwaita watu wa uji. Wote waliinuka mara moja. Byadunia alibaki ameketi, mikono magotini, mpaka aone migongo ya wenzake ndipo naye asimame. Nilidhani ni kiburi. Kule Uvira alikuwa fundi wa redio na spika, mtu aliyezoea kungojewa. Tulipokuwa tukikimbia, bomu lilianguka karibu naye, akatoka damu masikioni, damu ikakauka, na baada ya hapo alisikia watu wakiongea, alisikia lori, alisikia ngoma ya kanisa. Tulimshukuru Mungu tukaona yamekwisha. Kisha jioni moja, tumekaa nje ya hema, akaniuliza kwa mshangao, "Nabi, hii ni inchi gani haina nyenje?" Nyenje walikuwa wakilia pande zote, kwenye majani, kwenye miti, ile sauti yao nyembamba ya kukata, hadi mtu alilazimika kupaza sauti ili asikike. Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikamwambia, "Pengine ni juu ya baridi." Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la maana.

Walitupa kiwanja, tukajenga nyumba ya udongo, tukapanda mahindi na maharage, lakini mikono yake haikuwa mikono ya jembe. Akapata nafasi katika duka la kutengeneza redio Mbarara. Siku hizo watu wenye uwezo pale mjini walikuwa wameanza kununua mashine za muziki za sebuleni: amplifaya, deki ya CD, spika ndefu zinazomfikia mtu kiunoni. Walizileta nyumbani, wakazisukuma pembeni, wakafungulia, kisha wakashangaa mbona kitu kizuri hivyo kinapiga kelele. Byadunia alijua mambo hayo kuliko mtu yeyote dukani. Nyumba ya kwanza waliyompeleka ilikuwa ya mfanyabiashara wa maziwa, na mwenye nyumba alimtoa kabla hajamaliza. "Fundi, umeleta visu ndani ya nyumba yangu?" Hayo alinieleza yeye mwenyewe aliporudi Nakivale, sombe ikipoa mbele yake bila kuguswa. Kulikuwa na amplifaya aliyoileta kutengeneza, pamoja na deki ya kanda na spika zake. Akaiunganisha na betri ya gari, akaweka kanda ya rumba ya kwetu, akafungulia. Nikaziba masikio. Ile spika ndogo ya juu, tunayoiita twita, ilikuwa inachoma kama mafuta yanayorukia ngozi. "Punguza hii ya juu," nikamwambia. Akashika kitufe cha trebo. "Hii?" "Iyo. Rudisha. Rudisha tena. Sasa iko muzuri." Akainama akakiangalia kitufe kiliposimama. Kilikuwa mbali sana na mahali ambapo yeye angekiacha. Alitoka nje akakaa kwenye jiwe letu la kufulia, akanipa mgongo.

Mimi ndiye niliyemlazimisha kwenda hospitali kule Ruharo. Walimketisha kwenye kiti, wakamvisha vile vifaa vya kufunika masikio, daktari akamwambia kwa upole kwamba kila akisikia sauti, hata ndogo, ainue mkono. Mimi nilikaa kwenye benchi karibu na mlango. Mwanzoni mkono uliinuka, ukashuka, ukainuka tena. Daktari akazidi kupandisha sauti kwenda kwenye zile nyembamba. Chumba kilikuwa kimya hata nikazisikia mimi pale mlangoni, zikivuja kutoka masikioni mwake, tii, tii, kama kifaranga aliyefunikwa na kapu. Mkono wa mume wangu ulikuwa umetulia gotini. Alikuwa akimtazama daktari kama mwanafunzi mzuri anayengoja swali lianze. Hadi leo, nikitaka kumchukia Byadunia kikamilifu, mkono ule unanizuia. Daktari alisema sauti za chini na za katikati zimebaki, lakini za juu zimekufa na hazitarudi. Tulipotoka, Byadunia alisimama chini ya jua la barabarani, akaniambia, "Bantu basijue." Nikamwambia hawatajua. Lori la kurudi Nakivale lilipofika, alikuwa ameshapata wazo. "Weye utakuja na mimi ku kazi. Utasikiliza. Mimi nitafanya."

Miezi iliyofuata ndiyo miezi pekee ya ndoa yetu ninayoikumbuka bila kukunja uso. Alinifundisha. Alikuwa na muziki wote kichwani mwake, kila kitu alichokuwa amekisikia kabla ya bomu, na alinipa kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba yake. Angeweka rumba ileile mara nyingi, akaniambia: sikiliza kidole cha mpiga gitaa kinavyoteleza juu ya waya kabla ya noti. Sikiliza mwimbaji anavyovuta pumzi. Nyuma kabisa, upande wa kushoto, kuna mtu anatikisa kayamba. Mbegu za kayamba ni moja moja au ni vumbi? Nikisema ni vumbi, aligeuza spika kidogo, akaisogeza mbali na ukuta, akauliza tena. Alisema kuna mashine zinazokuonyesha kila kitu, kama taa ya chumba cha upasuaji, hadi unatamani kufumba macho. Tena kuna zinazobembeleza tu, hata hujui mpiga gitaa ana vidole au ana vijiti. Kazi ilikuwa kupata vyote viwili, mtu asikie kila mbegu ya kayamba na bado atake kucheza. Mafundi wengi, alisema, wakitaka undani wanaongeza trebo. Huo ni undani wa uongo, unavutia kwa wimbo mmoja, na kwa wimbo wa tatu unaomba wazime. Besi ikizidi inafunika. Ondoa kinachofunika, utaona vitu vilikuwamo tangu mwanzo, havihitaji kusukumwa. Maneno hayo nimeyatumia maisha yangu yote, hata katika mambo yasiyo ya muziki, na ninakiri yalikuwa yake.

Tatizo lilikuwa namna ya kumwambia mbele ya watu. Tukakubaliana kuongea kama watu wa jikoni. Trebo ikawa chumvi, besi ikawa bugali, sauti za katikati, za waimbaji, zikawa mboga. Mwenye nyumba angetusikia akadhani mke wa fundi ana njaa.

Meja alikuwa askari wa kambi ya Mbarara, lakini familia yake ilikaa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, katika nyumba mpya. Nakumbuka sebule yake kuliko ninavyokumbuka nyumba yoyote niliyolala. Sakafu ya vigae vinavyong'aa. Kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havikuwahi kunywewa chai. Meza ya kioo. Madirisha mapana yenye wavu mwembamba tu wa pazia. Spika mbili ndefu zilisukumwa kwenye kona, nyuma ya makochi, kama watoto waliopewa adhabu. Meja alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuzoea kutiiwa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshini. "Fundi, hii mashine ilitoka mbali, lakini inapiga makelele tu. Mimi nataka mutu akiimba, nisikie kama amekaa hapa, kwa kiti yangu." Mkewe, Mama Ankunda, alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni amekunja mikono. "Mimi inanipea kichwa," alisema. "Nikisikiliza wimbo mbili tu, kichwa inauma. Banange, muziki gani inaumiza mutu?"

Byadunia alisimama katikati ya chumba akapiga kofi moja. Kisha akanitazama. Mimi nililisikia lile kofi likiruka kutoka kioo hadi kigae, kutoka kigae hadi kioo, likitetemeka kabla ya kufa. "Sufuria iko butupu," nikamwambia. "Inalia." Akageuka kwa Meja kama aliyelisikia mwenyewe, akasema chumba kiko uchi, kinahitaji nguo: zulia kubwa mbele ya makochi, mapazia mazito, kitambaa juu ya meza. Mama Ankunda akacheka, lakini zulia lilikuwepo, limekunjwa chumbani, likaletwa. Spika tukazitoa kwenye kona, tukaziweka wazi, hatua kutoka ukutani, kila moja ikiinamia kidogo kochi la Meja. Hapo hakunihitaji, besi ilikuwa bado yake, aliisikia kwa kifua na kwa miguu, na alizisogeza zile spika kidogo kidogo hadi ule mngurumo ukageuka kuwa kamba za gitaa la besi, moja moja. Kisha akaketi karibu na amplifaya, mkono kwenye kitufe. "Mama, ile mboga ya asubui iko namna gani?" "Mboga inaonekana, lakini chumvi iko mingi." Akapunguza. "Na sasa?" "Bado mingi." Akapunguza tena. "Acha fasi hiyo." Meja akauliza, "Huyu mama anataka chakula?" Sote tukacheka, na Byadunia alicheka kuliko wote.

Kwenye wimbo wa tatu Mama Ankunda alitoka jikoni akikausha mikono kwa aproni yake, akaketi ukingoni mwa kochi kama mgeni. Wimbo ukaisha, hakuinuka. Ukaanza mwingine, akaegemea. "Sasa huyu nasikia anapumua," Meja akasema taratibu, akielekeza kidole kwenye nafasi tupu kati ya spika mbili, mahali ambapo hapakuwa na mtu na palikuwa na mtu. "Kichwa?" akamuuliza mkewe. "Kichwa hapana," alijibu Mama Ankunda, macho amefumba. Meja akainuka akamshika Byadunia mkono kwa mikono yake yote miwili. "Fundi, wewe uko na sikio." Byadunia akanitazama juu ya bega la Meja. Siku hiyo alinitazama. Kwenye lori la kurudi alinishika mkono chini ya kitenge changu hadi tukafika, na mimi, mjinga, nikafikiri sikio lile lilikuwa letu wawili.

Sifa zilitembea haraka. Maofisa waliambiana, wafanyabiashara waliambiana, na kweli, kama alivyosema Elisha, kuna waliotuma gari. Nimeona sebule nyingi za Mbarara kuliko wanaojenga nyumba hizo. Katika kila sebule nilikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, nikizungumza habari za chumvi. Lakini kambini watu walianza kucheka. Wanaume waliocheza karata karibu na kisima walimwita fundi asiyetembea bila bibi. Kina mama wa kwaya walisema ana wivu, anaogopa kuniacha nyumbani. Maneno hayo yalinipita, yeye yalimkaa. Akaanza kunitangulia njiani. Akaanza kusema "sikio langu" hata tukiwa wawili tu, chumbani, hakuna mteja wa kudanganywa. Jioni moja nilimwambia mtoto wa jirani analia, labda mama yake hayupo, twende tuangalie. Akanijibu kwa hasira kwamba hakuna mtoto anayelia. Tulikuwa tumefika mahali ambapo asichosikia yeye hakikuwepo.

Tulirudi kwa Meja mara kwa mara, kwa sababu alipenda kutuonyesha kwa rafiki zake. Siku moja walimkaribisha Byadunia mezani pamoja na wanaume, na mimi nikapewa chakula changu jikoni, matoke na eshabwe, ile samli nyeupe ya Banyankore iliyopigwa hadi ikawa laini. Mama Ankunda alinipa kiti kizuri, hakuwa mtu mbaya. Mlango wa sebule ulikuwa wazi nusu. Nikamsikia Meja akiuliza, "Fundi, na huyu bibi, mbona unakuja na yeye kila siku? Anafanya kazi gani?" Nilishika tonge bila kulipeleka mdomoni. Nakiri nilingoja. Sikutegemea aseme yote. Nilitegemea aseme ananisaidia. Byadunia akajibu, "Huyu? Hatuyapata mtoto. Akibaki ku nyumba yeye moja anafikiri mingi, anagonjwa. Namuleta atembee-tembee, ananibebea nyaya." Wanaume wakasema pole. Mmoja akamwambia ana moyo mzuri, wengine wangeshaoa mwingine. Mama Ankunda alikuwa akiosha kikombe. Nilijua amesikia kwa sababu aliacha kukiosha. Akaniongezea eshabwe bila kuniangalia. Nilikula. Chakula cha watu hakimwagwi.

Msimu wa kiangazi Meja alimtoa binti yake, Ankunda. Ile sherehe ya kumkabidhi binti kwa wakwe wanaiita kuhingira, na kwa Banyankore si jambo dogo. Wazee wa pande zote mbili wangekaa sebuleni, vijana nje kwenye hema, na Meja alikuwa ameongeza spika nyingine kubwa zaidi. Asubuhi yake Byadunia alivaa shati lake jeupe. Nilipochukua mkoba wangu akasema, "Leo utabaki." Nikauliza, "Nani atakusikilizia?" Akafunga vifungo vya mikono bila haraka. "Mbele ya kukuoa, ni nani alikuwaka ananisikilizia?" Akaondoka. Lakini Mama Ankunda alikuwa amenialika yeye mwenyewe, nije niwe na kina mama wa jikoni, na sikuona sababu ya kumvunjia heshima. Nilipanda gari lililofuata.

Niliisikia kutoka kwenye geti. Zile spika mpya zilikuwa zinapiga mluzi juu ya kila neno. Kila "s" ya mwimbaji ilikuwa wembe. Nilipoingia nikaona kilichotokea: zulia lilikuwa limetolewa, limetandikwa kwenye hema kwa ajili ya wakwe, na mapazia mazito yameshushwa ili waweke mengine mapya mepesi ya sherehe. Chumba kilikuwa uchi tena. Byadunia, akiona muziki hauna uhai masikioni mwake, alikuwa amepandisha trebo, na akapandisha tena. Mama mzazi wa Meja, bibi kizee aliyeketi kwenye kochi la heshima, alikuwa ameziba masikio kwa viganja. Mtoto alikuwa akilia. Wakwe walitazamana, kwa adabu, bila kusema. Na Byadunia alisimama kando ya amplifaya na shati lake jeupe, anatabasamu, akiitikia kwa kichwa. Sijawahi kuona mtu aliye peke yake namna ile katikati ya watu.

Nikapita kati ya viti, nikainama karibu naye, nikasema taratibu kama tulivyozoea, "Papa, chumvi iko mingi sana." Alinisikia. Uso wake ulibadilika, na kwa kitambo kidogo niliona anataka kuuliza, kiasi gani, nirudishe wapi. Kisha akaona watu wanatutazama. "Hapa hatupike!" alisema kwa sauti kubwa. "Enda mu jikoni!" Watu wakacheka, wakifurahi kupata kitu cha kuchekea. Naye akanyoosha mkono akapandisha kitufe, mbele ya macho yangu, hadi mwisho. Bibi kizee akapiga yowe. Meja akainuka, akavuka chumba, akang'oa waya ukutani. "Fundi," alisema, "leo umekunywa?"

Byadunia hakunywa pombe maisha yake yote. Akatazama wazee, akatazama wakwe, na mwisho akanitazama mimi. "Ni huyu mwanamuke," akasema. "Alikuja hapa akashika-shika mashine. Kichwa yake haiko muzuri, nilikwambia." Meja hakuuliza zaidi. Alimpa ishara kijana mmoja wa jeshi aliyekuwa mlangoni, na yule kijana akanishika kiwiko, bila ukali, akasema, "Nyabo, twende tu." Nilitolewa kupitia hema, mbele ya wakwe, mbele ya Ankunda mwenyewe katika nguo zake za harusi, kama mwendawazimu aliyeingia kuharibu siku ya watu. Nyuma yangu muziki ulirudi, chini sana. Meja aliushika mwenyewe.

Byadunia hakurudi nyumbani kwetu. Alikwenda kwa Elisha. Baada ya siku kadhaa wazee wa kanisa wakatuita, tukakaa kwenye mabenchi yaleyale ambapo juzi walimlilia. Elisha alisema mke hamfundishi mume mbele ya watu. Mzee mmoja akaniuliza kama nilimwaibisha mume wangu nyumbani kwa Meja, ndiyo au hapana. Byadunia alikuwa amekaa mbele yangu akitazama midomo yangu. Nilikuwa nimeshagundua kwamba anasoma midomo ya watu. Sentensi moja tu ingetosha. Huyu mtu hasikii. Wangemjaribu kwa filimbi palepale na mambo yangeisha. Nilifikiria ule mkono uliotulia gotini kule Ruharo, nikafikiria kwamba hakuna mtu mjini angemwita tena, nikasema, "Niliongea mubaya. Anisamehe." Alishusha pumzi, niliiona. Nilidhani nimemnunua kwa neno hilo, kwamba jioni atarudi na mkoba wake. Hakurudi. Nadhani mtu anaweza kumsamehe anayemdhuru, lakini anayeijua aibu yake na kukaa kimya, huyo hakai naye nyumba moja. Alipoitwa kwa safari ya ng'ambo aliitwa peke yake. Alikuwa amewaambia wanaoandika majina ya wakimbizi wa kupelekwa ng'ambo kwamba tumeachana, na hakuna aliyeniuliza mimi. Siku basi lilipokuja kumchukua, kwaya iliimba. Niliimba nayo, kwa sababu nilikuwa sauti ya kwanza na bila mimi wangepotea.

Mvua zilikuwa zimeanza Mama Ankunda aliponitumia mtu. Walikuwa wamepaka nyumba rangi, wamehamisha kila kitu, na kichwa chake kimerudi kuuma. Fundi amekwenda, mafundi wengine wameshindwa. Pengine mimi niliyembebea nyaya naweza kukumbuka alivyoweka. Nilikwenda. Alinipokea mlangoni, akanishika mkono. "Ile kitu ya siku ya Ankunda, tulikusamehe kabisa. Mimi nilimwambia mzee, ugonjwa si kosa ya mutu." Nikamshukuru.

Nilipiga kofi katikati ya chumba. Nikaomba zulia. Nikazivuta zile spika ndefu kutoka kwenye kona, jasho likinitoka, hadi Meja mwenyewe akavua koti lake la jeshi akanisaidia. Besi ilinisumbua, kwa kuwa ilikuwa yake, na sikuwahi kuifanya peke yangu. Nilivua viatu nikaisikiliza kwa nyayo, nikapata. Trebo niliigusa mara moja tu. Kisha nikakaa kwenye kiti cha Meja, si kile cha pembeni, nikaufungulia wimbo. Mbegu za kayamba zilikuwa moja moja. Kidole kiliteleza juu ya waya. Mwimbaji alivuta pumzi, akaanza, na ilikuwa nzuri kuliko siku zote tulizokuwa wawili, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Wimbo wa tatu ulipokwisha Mama Ankunda alikuwa ameegemea kochi, macho amefumba. Meja alisimama nyuma yake akitikisa kichwa kwa mshangao.

"Yule mwanaume alikuwa na sikio," alisema. "Ona. Mpaka bibi amemufundisha."

Nilikuwa nimechoka kumficha Byadunia, lakini kumfichua kungekuwa kazi nyingine mpya, na hiyo nayo ingekuwa ya bure.

"Eee, Meja," nikamwambia. "Alinifundisha vizuri." Nikainama nikavaa viatu vyangu.